Kubashiri Mshindi: Tuzo ya Pulitzer ya Tamthilia na Lugha Isiyosikika Jukwaani

Utangulizi

Kubashiri ni tamthilia gani mpya itakayotwaa tuzo kubwa huchukuliwa kuwa kazi ya magazeti na ya wacheza kamari, si kazi ya mhakiki. Mtazamo huo unastahili kuangaliwa upya. Mhakiki wa kawaida huandika tuzo ikishatolewa, akaeleza kwa ufasaha kwa nini kazi iliyoshinda ilistahili kushinda. Lau ingeshinda nyingine, ufasaha ule ule ungetumika kuitetea. Mbashiri hana kinga hiyo. Hulazimika kuvitaja vigezo vyake mapema, na matokeo yakitoka kila mtu huona kama vilikuwa na mashiko.

Makala hii inachukua mfano wa Tuzo ya Pulitzer ya Tamthilia, ambayo imetolewa nchini Marekani tangu 1918. Hoja yake ni kwamba wabashiri wengi hukosea kwa sababu hutazama jukwaa linalong'aa, ilhali tuzo hii kwa sehemu kubwa husomwa. Juu ya hilo lipo jambo lisilotajwa sana katika ubashiri wenyewe, nalo ni lugha: tamthilia kadhaa zilizoshinda zina wahusika ambao katika maisha yao halisi wasingesema Kiingereza. Mojawapo ni ya watu wa Ituri. Kwa watafiti na washauri wa sera katika ukanda huu, hapo ndipo suala la tuzo ya Marekani linapoacha kuwa la Wamarekani peke yao.

Namna uamuzi unavyofikiwa

Wosia wa Joseph Pulitzer, aliyefariki 1911, uliiachia Chuo Kikuu cha Columbia fedha za tuzo hizi. Masharti ya mwanzo yaliitaka tamthilia iwe ya Kimarekani, iwe imeonyeshwa New York, na ioneshe uwezo wa jukwaa wa kuinua maadili, ladha na adabu njema. Masharti ya leo ni mafupi zaidi: tamthilia bora ya mwandishi wa Marekani, na itapendelewa zaidi iwapo ni ya asili na inahusu maisha ya Marekani. Neno "itapendelewa" ni dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa, kama itakavyoonekana.

Uamuzi hupita katika milango miwili. Wa kwanza ni jopo la majaji watano, wengi wao wahakiki wa maonyesho pamoja na wasomi na watunzi. Hao husoma miswada, hutazama maonyesho wanayoweza kuyafikia, kisha hupendekeza kazi tatu. Mlango wa pili ni Bodi ya Pulitzer, ambayo wajumbe wake wengi ni wanahabari na wahariri. Bodi ndiyo inayochagua mshindi. Inaweza pia kukataa mapendekezo yote na kutompa yeyote, au kuchagua kazi ambayo jopo halikuipendekeza. Majina ya waliofika hatua ya mwisho hayatangazwi mapema. Hutajwa siku moja na mshindi. Kwa hiyo anayebashiri Pulitzer hana orodha fupi ya kuanzia, tofauti na anayebashiri Tuzo za Tony, ambazo hutangaza wateule wake wiki kadhaa kabla.

Mgongano wa milango hii miwili una historia. Mwaka 1963 jopo lilipendekeza Who's Afraid of Virginia Woolf? ya Edward Albee. Bodi ikakataa, tuzo haikutolewa, na majaji John Gassner na John Mason Brown wakajiuzulu. Albee alikuja kushinda mara tatu baadaye, 1967, 1975 na 1994, na ni vigumu kutoona katika ushindi wa 1967 fidia iliyochelewa. Mwaka 2007 Bodi iliziacha kazi tatu za orodha ya mwisho ikaichagua Rabbit Hole ya David Lindsay-Abaire. Mwaka 2010 ilifanya hivyo tena kwa Next to Normal, tamthilia ya muziki, na mwenyekiti wa jopo, Charles McNulty wa Los Angeles Times, akapinga hadharani kwa maandishi.

Kesi hizi mbili za karibuni zina ulinganifu ambao mbashiri hapaswi kuupuuza. Rabbit Hole na Next to Normal zote zilikuwa zimeonyeshwa Broadway. Bodi ilipoachana na jopo, ilielekea kwenye kumbi kubwa za New York, mji ambamo yenyewe hukutana. Jopo husafiri na kusoma. Bodi, ikiwa na shaka, huamini kilicho karibu. Basi kubashiri Pulitzer ni kubashiri mara mbili: kwanza majaji wanaopenda upya wa fani, halafu wajumbe wanaotaka kazi itakayowagusa hata wakiwa si watu wa jukwaa.

Broadway na kumbi ndogo

Hata hivyo, yale ya 2007 na 2010 ni mambo ya pekee. Katika tuzo 14 zilizotolewa kuanzia 2012 hadi 2025, ni Hamilton ya Lin-Manuel Miranda pekee, mshindi wa 2016, iliyokuwa imefunguliwa Broadway ndani ya mwaka wake wa ushindani. Nyingine zote zilihukumiwa kwa nguvu ya maonyesho ya kumbi ndogo za New York au ya miji mingine. Water by the Spoonful ya Quiara Alegría Hudes ilitoka Hartford. Fairview ya Jackie Sibblies Drury ilianzia Soho Rep, ukumbi usiofikisha viti 100, wakati ukumbi wa Broadway kwa kawaida ni wa viti 500 au zaidi. The Hot Wing King ya Katori Hall ilifungwa mapema kwa sababu ya janga la korona, na bado ikashinda 2021. Fat Ham ya James Ijames, iliyoshinda 2022, ilikuwa imeonyeshwa na Wilma Theater ya Philadelphia kwa njia ya video, bila hadhira ukumbini.

Kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya 2003. Anna in the Tropics ya Nilo Cruz ilikuwa imeonyeshwa katika ukumbi mdogo wa Coral Gables, Florida. Haikuwa imefika New York, na walioipa tuzo waliufahamu mswada wake tu. Ilizishinda kazi za Albee na Richard Greenberg zilizokuwa zimezungumzwa sana mjini. Mbashiri aliyehesabu foleni za tiketi asingeifikiria kamwe.

Wahenga wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka, na msemo huo ungefaa kuwa kanuni ya ubashiri huu lau si Hamilton, iliyovuma kuliko zote na haikupasuka. Lakini hata Hamilton inaeleweka zaidi kwa kigezo cha usomaji. Mashairi yake yanasimama kwenye ukurasa bila ala za muziki, na mada yake ni kuzaliwa kwa taifa lenyewe. Sharti la "maisha ya Marekani" halijapata kutimizwa kwa ukamilifu zaidi ya hapo.

Kigezo hiki cha ukurasa kina gharama. Kazi ambayo uhai wake uko katika mwili wa mwigizaji hupoteza nguvu inaposomwa. Mwaka 1986 jopo lilipendekeza the CIVIL warS ya Robert Wilson, kazi ya picha za jukwaani kuliko maneno, na Bodi haikuikubali. Mwaka 2025 Oh, Mary! ya Cole Escola, kichekesho kilichokuwa kimejaza ukumbi Broadway, kilifika hatua ya mwisho pamoja na The Ally ya Itamar Moses, lakini ushindi ukaenda kwa Purpose ya Branden Jacobs-Jenkins, iliyoanzia Steppenwolf, Chicago, 2024. Matokeo hayo yalibashirika. Jacobs-Jenkins alikuwa amefika hatua ya mwisho mara mbili, kwa Gloria 2016 na kwa Everybody 2018. Purpose ina familia ya kiongozi mashuhuri wa haki za raia, mwana aliyetoka gerezani kwa kufuja fedha za kampeni, na meza ya chakula ambayo juu yake siri zinafichuliwa moja baada ya nyingine. Ni muundo ambao msomaji wa tamthilia za Marekani anaufahamu tangu Eugene O'Neill. Escola kwa upande wake alikuwa mtunzi na mwigizaji mkuu wa kazi yake, na sehemu kubwa ya ucheshi wake ni ya uso, sauti na mwendo. Maelezo ya jukwaani hayatoshi kuubeba.

Uzito wa mada ni mtego mwingine. Mwaka 2024 miongoni mwa kazi tatu za mwisho ilikuwapo Here There Are Blueberries ya Moisés Kaufman na Amanda Gronich, inayohusu picha za maafisa wa Kinazi wakistarehe karibu na Auschwitz. Anayepima kwa ukubwa wa mada angeichagua hiyo bila kusita. Iliyoshinda ni Primary Trust ya Eboni Booth: mtu mmoja mpweke aliyefanya kazi katika duka la vitabu katika mji mdogo, anayeketi kila jioni kwenye baa pamoja na rafiki ambaye hayupo isipokuwa katika mawazo yake. Hakuna vita wala kesi. Ubora wake ni uangalifu wa sentensi, na sentensi huonekana vizuri zaidi zikisomwa.

Kiingereza kinachosimama mahali pa lugha nyingine

Kazi ya tatu katika orodha hiyo ya 2024 ilikuwa Public Obscenities ya Shayok Misha Chowdhury, tamthilia inayokwenda kwa Kibengali na Kiingereza. Ilifika hatua ya mwisho, haikushinda. Tukio moja halijengi kanuni, lakini likiwekwa kando ya washindi watatu wa awali na wa karibuni, linaonyesha jambo. Katika Anna in the Tropics, Wakuba wanaosokota sigara Florida mwaka 1929 wangekuwa wanasema Kihispania. Katika English ya Sanaz Toossi, mshindi wa 2023, Wairani wa mji wa Karaj wanajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Wanaposema Kifarsi hadhira husikia Kiingereza laini kisicho na kigugumizi, na wanapojaribu Kiingereza husikia lafudhi na kusitasita. Toossi ameifanya kasoro ya tafsiri kuwa fani yenyewe ya tamthilia, na kwa maoni ya uhakiki huu hakuna mshindi wa miaka ya karibuni aliyeishughulikia hali ya lugha ya jukwaani kwa akili zaidi.

Mshindi wa tatu ni Ruined ya Lynn Nottage. Mwaka 2004 Nottage alikwenda Uganda pamoja na mwongozaji Kate Whoriskey, akawahoji wanawake wa Kongo waliokimbia vita. Wazo la kwanza lilikuwa kuisuka upya Mother Courage ya Bertolt Brecht, mahojiano yaliligeuza. Tamthilia ilifunguliwa Goodman Theatre, Chicago, mwishoni mwa 2008, ikaingia New York mwanzoni mwa 2009, na mwaka huo huo ikashinda. Haikuwahi kupelekwa Broadway. Zilizofika nayo mwisho ni Becky Shaw ya Gina Gionfriddo na In the Heights, tamthilia ya muziki iliyokuwa Broadway na inayohusu mtaa wa New York. Mbashiri aliyelisoma sharti la "maisha ya Marekani" kama amri angeiacha Ruined nje. Aliyelisoma kama upendeleo tu, akajua pia kwamba I Am My Own Wife ya Doug Wright ilishinda 2004 na wahusika wa Ujerumani Mashariki, angekuwa na sababu ya kuibakiza.

Mandhari ni baa katika mji wa migodi, msituni Ituri. Mwenyewe ni Mama Nadi, anayewauzia bia na wanawake askari wa serikali na waasi kwa zamu, mradi waache risasi mlangoni. Sophie, msichana aliyeletwa na mjomba wake Christian, ana majeraha ya ubakaji yanayomfanya asiweze kutumikishwa kama wenzake. Hali hiyo ndiyo iliyoipa tamthilia jina.

Hapa Kiswahili kina la kusema ambalo mijadala ya Marekani haikuweza kulisema. Neno la Kiingereza lililo katika jina halidai mtendaji. Linaweza kusomwa kama tendo au kama hali tu. Mtafsiri wa Kiswahili angelazimika kuchagua. Kwa kauli ya kutendwa, Sophie ni aliyeharibiwa, na msikilizaji huuliza mara moja: na nani? Kwa kauli ya kutendeka, ni aliyeharibika, na mtendaji hufutika. Zaidi ya hapo, msichana aliyeharibika katika usemi wa kila siku ni msichana aliyepotoka, kwa hiyo lawama humrudia yeye mwenyewe. Jamii inayomfukuza Sophie nyumbani inasema kwa kauli ya kutendeka. Sophie, akisema ukweli wa yaliyompata, anahitaji kauli ya kutendwa. Mgogoro mzima wa tamthilia umo katika kiambishi kimoja, na Kiingereza cha Nottage, pamoja na uzuri wake, hakina pa kukiweka.

Mwisho wa tamthilia pia unasomeka tofauti kutoka upande huu. Mama Nadi anamfunulia Christian kwamba naye ana majeraha kama ya Sophie, kisha wawili hao wanacheza dansi. Baadhi ya wahakiki waliona hitimisho hilo kuwa la huruma kupita kiasi kwa hadithi ya namna hiyo. Kwa hesabu ya ubashiri, lakini, hilo ni miongoni mwa mambo yaliyoisaidia. Mapenzi kati ya watu wawili wazima waliochoka ni mlango ambao mhariri wa gazeti asiyeijua Kongo anaweza kuupitia. Nottage hakuandika kwa ajili ya Bodi, lakini aliandika kwa ajili ya ukumbi wa Chicago, na hadhira hizo mbili zinafanana. Ukumbi wa Bunia au wa Goma ungeweza kuidai ngoma nyingine.

Yanayohusu tuzo za ukanda

Je, tamthilia ya Kiswahili kuhusu yale yale ingehukumiwa wapi? Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nchini Tanzania, ilianza na riwaya na ushairi. Nchini Kenya tamasha la maigizo la shule na vyuo lina historia ndefu tangu 1959, na huko kinachoshindanishwa ni onyesho. Wakati huo huo heshima kubwa anayoweza kuipata mtunzi wa tamthilia ya Kiswahili nchini humo haiitwi tuzo: ni kitabu chake kuteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zimesomwa na vizazi vya watahiniwa kwa njia hiyo. Wengi wa wasomaji hao hawajaziona jukwaani, isipokuwa zinapoigizwa kama maandalizi ya mtihani. Basi kuna jukwaa ambalo maandishi yake hayafiki dukani, na kuna kitabu ambacho jukwaa lake ni chumba cha mtihani. Uhakiki umefuata kitabu. Maonyesho mapya hupita bila kuandikwa. Penye hali hiyo hata ubashiri hauwezekani, kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya pamoja ya kazi za mwaka ambayo mtu angeibashiria.

Kwa wanaoshauri juu ya kuanzisha au kupanua tuzo za tamthilia, mfano wa Pulitzer unafaa zaidi kwa makosa yake. Unaonyesha kwamba kanuni isiyosema wazi kama kinachohukumiwa ni mswada au onyesho huishia kuhukumu mswada, kwa sababu mswada husafiri kwa urahisi na onyesho halisafiri. Kwa ukanda unaoanzia Lubumbashi hadi Mombasa, ambako mtunzi wa Bujumbura hawezi kumgharimia jaji aje alitazame kundi lake, upendeleo huo kwa maandishi unaweza hata kuwa wa haki, mradi utamkwe. Unaonyesha pia kwamba chombo cha mwisho kikiwa na uwezo wa kulipindua jopo, sababu zake zapaswa kuandikwa. Bodi ya Pulitzer haitoi maelezo ya mashauri yake, na ndiyo maana 1963 na 2010 bado zinajadiliwa.

Suala gumu zaidi ni lugha, na hapo Pulitzer haina somo la kutoa. Majaji wengi wa tuzo za Kiswahili wamelelewa katika Kiswahili sanifu. Mtunzi wa mashariki mwa Kongo atakayemwandika mwenye baa wa mji wa migodi kwa uaminifu hatampa usemi wa kitabu cha sarufi. Atampa Kiswahili cha huko, chenye Kifaransa na Kilingala ndani yake, chenye upatanisho wa kisarufi ambao mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi angeupigia mstari mwekundu. Kumsanifisha ni kumfanyia kile Kiingereza kilichomfanyia Mama Nadi. Kanuni za tuzo zinapaswa kueleza, kabla mswada wa kwanza haujapokelewa, kama usemi huo utahesabiwa kuwa kosa la lugha au uhalisia wa mhusika, na katika jopo awepo walau jaji mmoja anayeusikia bila kuhitaji mkalimani.